Nani Anakudaka Huko

Santa Rufina, San Pedro de Macorís
Tarehe 27 Julai, 1986

Mdogo wangu mpendwa Osvaldo,

Pokea salamu za kaka yako, nyingi kuliko matundu ya ule wavu wa nyuma ya uwanja wetu, ambao mpaka leo haujazibwa. Mwili wako u hali gani? Chakula je, umekizoea, au bado unatokwa machozi kwa pilipili za watu? Sisi huku tunashukuru. Mama anakula, anatembea mpaka kanisani na kurudi bila kushika ukuta, na kila jioni anagombana na redio. Presha ilimpanda Jumatano ya wiki ya Pasaka, ikashuka yenyewe kwa sababu alikataa kuizungumzia. Kiwanda kimenyamaza tangu tarehe kumi na tisa Juni. Miwa imekwisha, filimbi hailii, tumeingia kwenye miezi mifu kama kila mwaka, na wanaume wamerudi mbele ya duka la Doña Casilda kubishana tangu asubuhi.

Nimekuandikia barua tatu mwaka huu, hujajibu hata moja. Sisemi kwa kulaumu, nahesabu tu. Hii ya nne siiamini posta. Anaileta Noemí, mke wa Isaías, anayemfuata mumewe huko Mexico. Ndege yake ni Alhamisi, na ameniapia kwamba ataitia mkononi mwako mwenyewe. Ukiibonyeza bahasha utahisi kitu kirefu laini ndani yake. Kiache kwanza. Na jambo moja naliweka hapa juu kabla ya yote, usije ukachoka kusoma ukalikosa: daktari yeyote asikiguse kiwiko chako mpaka utakapofika mwisho wa barua hii.

Sasa nikupe habari kwa mpangilio.

Timu yetu ya besiboli imekwisha, Valdo. Tumecheza michezo kumi na minne, tumefungwa kumi na mmoja. Timu iliyotoa warushaji watano ndani ya miaka minne leo inamtegemea Chago, yule mwuza barafu. Mpira wa Chago ukishatoka mkononi mwake mimi huku naweza kujikuna mgongo na kuangalia saa, ndipo ufike kwenye glavu yangu. Wapigaji wa timu nyingine wanampenda kama shangazi yao. Jumapili moja mwishoni mwa Juni mmoja alimuuliza kama mpira ule anaurusha au anausindikiza. Chago hakukasirika. Alimjibu kwamba hata kama anausindikiza, yeye angalau yupo.

Neno hilo ndilo lililowasha moto dukani jioni ile. Watu wakaanza kuuliza: basi hao wasiokuwepo wako wapi, na wanafanya nini? Mzee Ulpiano, yule aliyekuwa akipima miwa mizanini, akasema ana habari za hakika kwamba Fermín amekuwa mkubwa huko Marekani, anapanda gari jeusi. Doña Casilda akasema ajabu hiyo, maana yeye alisikia Fermín alikufa kwa baridi mwezi Machi na ameshamwashia mshumaa. Mzee Ulpiano akamwambia audai mshumaa wake. Mwingine akadai Cirilo ameoa mwanamke tajiri Italia, mwingine akadai Cirilo amefungwa jela Italia, na wa tatu akasema huenda yote mawili ni kweli na ni jambo lile lile. Kuhusu wewe walisema mengi. Nayaacha dukani.

Unanijua. Siwezi kukaa na habari zisizo na tarakimu. Kesho yake nikafunga warsha saa sita mchana, nikawaambia mafundi wangu watatu waende wakale polepole, nikakaa na karatasi. Niliwaandikia wote walioondoka maswali matatu tu. La kwanza: umeshinda michezo mingapi na umeshindwa mingapi? La pili: unakula nini? La tatu: nani anakudaka huko? Nilipolisoma lile la tatu dukani watu walicheka. Mzee Ulpiano akasema, “Anselmo, wewe ni kama mke aliyeachwa, unauliza mwenzio siku hizi anapikiwa na nani.”

Acha wacheke. Wao hawajui kazi ya kuchuchumaa. Mrushaji husimama juu ya kichuguu chake kila mtu anamwona. Mdakaji amekunja magoti nyuma ya mpigaji, kofia ya chuma usoni, na anayemwangalia ni mama yake peke yake. Watafuta vipaji walikuja hapa mara tano kuwapima ninyi watano, na mara zote tano mdakaji nilikuwa mimi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina. Yule wa kwako, mwenye kofia ya majani, aliwahi kunisemesha, unakumbuka? Aliniomba niinamishe kichwa kwa sababu kilikuwa kinaizuia mashine yake ya kupimia kasi. Nilikudaka wewe peke yako miaka saba, michezo mia moja sitini na minne. Weka mipira mia na kumi kwa mchezo, utapata elfu kumi na nane na arobaini, bila kuhesabu mazoezi. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia havikunji tena. Sijaomba sanamu. Nilianza na sindano moja ya kushonea magunia ya sukari, leo nina cherehani mbili na timu ishirini na mbili zinaniletea glavu. Sikubebwa na mtu. Lakini kutaka kujua kama aliyechukua nafasi yangu anaifanya kazi vizuri, hilo nadhani nina haki nalo.

Majibu yalikuja moja moja, na kila lilipofika lilisomwa dukani mara mbili.

Fermín yu hai. Doña Casilda hakufurahi kama ilivyotarajiwa, maana mshumaa ulikuwa mrefu. Yuko katika mji mdogo kaskazini kabisa mwa Marekani, ambako mwezi Aprili theluji bado imekaa juu ya uwanja kama mgeni asiyejua kuaga. Ameshinda minne, ameshindwa sita. Anakula mkate, na ndani ya mkate wanamwekea mkate. Vidole vyake vikifa ganzi huvipaka dawa ya pilipili tuliyompa wakati anaondoka, na siku moja akasahau akajipangusa macho katikati ya mchezo. Akarusha mipira minne huku analia machozi ya kweli. Watazamaji wakadhani anakumbuka kwao, wakasimama kumpigia makofi, na bibi mmoja akamletea keki. Anayemdaka ni mkulima mwenye mikono mikubwa ambaye hawaelewani neno hata moja. Huyo anaomba mpira wa kasi kila mara kwa sababu ndiyo ishara pekee aliyoikariri. Ndiyo maana minne kwa sita. Nimemwandikia Fermín amfundishe ya pili kwa kutumia viazi.

Cirilo hajafungwa wala hajaoa. Yuko mji wa pwani huko Italia, anarusha Jumamosi, na siku nyingine anakata nyama katika bucha la mwenyekiti wa klabu. Ameongezeka kilo kumi na nne. Ameshinda tisa, hajashindwa, ila ameniomba nisiwatangazie watu kwamba wapigaji wa kule wanapunga gongo kama wanaofukuza nyuki. Nimewatangazia. Anayemdaka ni kinyozi wa miaka arobaini na sita, na Cirilo akikataa ishara yake siku ya mchezo, Jumatatu kinyozi huyo hamnyoi. Huyo nimempenda.

Toribio yuko Curaçao kwenye kiwanda cha mafuta. Bega limekwisha, Valdo. Hashindi wala hashindwi, siku hizi ni mwamuzi wa timu za makanisa na anasema Waadventista ndio wanaotukana zaidi. Kwenye swali la tatu ameandika hana wa kumdaka, ila jioni akitoka kazini huwa anatupa mawe baharini, na bahari ina mikono mibovu kuliko yangu, haijamrudishia hata jiwe moja. Nilipolisoma hilo dukani watu hawakucheka. Mzee Ulpiano aliwanunulia watu wote soda.

Akabaki Isaías, na ukabaki wewe.

Wewe hukujibu. Lakini ulimwandikia Mama, na Mama macho yake unayajua, barua zake nasoma mimi. Nilimsomea kwa sauti kwamba tangu mwezi Juni mambo yamekugeukia, umeshindwa mitano mfululizo, meneja amekupa mpaka katikati ya Agosti kisha atakurudisha nyumbani. Nikamsomea kwamba unahisi mkono umekufa ndani ingawa hauumi, na kwamba kuna daktari amekuahidi kukifungua kiwiko tarehe kumi na nane Agosti aone kuna nini. Mama akaniambia niirudie sehemu ya “ingawa hauumi”. Nikairudia. Akasema kiungo kisichouma hakifunguliwi, hata kuku anajua. Lakini kesho yake asubuhi nikamkuta ameshaweka nadhiri mbele ya picha ya Bikira: kiwiko kikipona atatembea kwa miguu mpaka kanisa lake kule Higüey. Ana miaka sitini na nane. Nikahesabu kilomita, kisha nikazihesabu tena.

Jibu la Isaías lilikuja wiki hiyo hiyo, kurasa tisa, unamjua alivyo. Yeye ameshinda mitatu, ameshindwa mmoja, anakula maharage, na anayemdaka ni mtu wa Panama anayepiga soga na wapigaji mpaka wanasahau kupiga. Hayo yalijaza ukurasa mmoja. Nane zilizobaki zilikuwa juu yako. Alisema klabu yake imekutana na yako mara tatu msimu huu, na kwa kuwa alijua nitauliza, alihesabu. Tarehe ishirini na nane Mei uliwarushia mipira thelathini na miwili ya polepole, ule wako wa kiganjani, na wapigaji walipunga gongo kwenye kumi na tisa, karibu yote hewani. Tarehe nane Juni walikupiga vipigo tisa katika zamu tatu. Tarehe sita Julai uliwarushia mipira thelathini na mmoja ya polepole. Walipunga mara tatu tu. Mingine yote waliitazama ikipita kama watu wanaotazama treni isiyo yao. Na kasi yako, anasema, ni ile ile: kilomita mia arobaini na nne kwa saa mwezi Mei, mia arobaini na nne mwezi Julai.

Kaa na tarakimu hizo kidogo, Valdo, kama nilivyokaa nazo. Mkono uliokufa haurushi kilomita mia arobaini na nne. Na mpigaji anayedanganywa na mpira mmoja tu kati ya kumi hana bahati, ana habari. Anajua kinachokuja kabla hujakitoa.

Isaías aliandika kwamba hajui wanajuaje. Warushaji wa akiba kama yeye wanakaa mbali, nyuma ya uzio, na wapigaji wao hawawaambii kitu. Alichokiona ni kwamba mambo yalibadilika baada ya Nereo kujiunga nao mwanzoni mwa Juni, yule Nereo wetu aliyekuwa akilinda kituo cha kwanza uwanjani, na kwamba Nereo hujigamba kwamba amekuja na dawa kutoka kijijini. Sasa klabu zote zimeisikia hiyo dawa. Isaías akaniuliza mimi kama najua ni dawa gani.

Kisha, mwishoni kabisa, ukurasa wa tisa, akaandika jambo ambalo pengine alidhani ni dogo. Kwamba klabu yako imekupa glavu mpya mara mbili. Ya kwanza ulimpa mpishi, ya pili umeifanya ya kuwekea soksi. Unarusha na ile ile kuukuu ya kahawia, na wenzako wakikutania unawaambia ilishonwa na kaka yako, na kwamba wewe hurushi bila kaka yako.

Ukurasa huo sikuusoma dukani.

Mdogo wangu, sasa nafika pale ambapo nilikuwa nikizunguka tangu salamu. Dawa ya Nereo naijua. Aliipata kwangu.

Rudi nyuma mwaka jana, Sikukuu ya Wafalme, ulipokuja likizo kwa mara ya kwanza. Unakumbuka desturi yetu: siku hiyo Walioondoka hucheza dhidi ya Waliobaki, na wanaoshindwa huvaa aproni na kuwaandalia wenzao nguruwe mezani. Mimi ni wa Waliobaki. Nilisimama kukupiga mara tatu, na mara zote tatu nikapiga hewa mbele ya Mama, mbele ya mafundi wangu, na mbele ya yule mwandishi wa gazeti la mjini. Lakini ile mara ya tatu niliona kitu. Kabla ya mpira wa kasi glavu yako imefumba. Kabla ya mpira wa polepole, unapouzamisha mpira kiganjani, glavu inafunguka upande wa kidole kidogo, upana wa vidole viwili, kama upepeo wa kukunja wa mwanamke kanisani. Nilikudaka miaka saba sikuliona hilo, kwa sababu mdakaji hana haja ya kubahatisha mpira unaokuja, ndiye aliyeuomba. Ilibidi nisimame upande wa adui yako ndipo nione.

Na sababu yake niliijua hapo hapo. Glavu hiyo niliishona miezi mifu ya mwaka themanini na mbili, na kamba ya ng'ombe ilikuwa haipatikani. Upande wa kidole kidogo nikaufunga kwa kamba ya ngozi ya mbuzi. Kamba ya mbuzi ikinywa jasho hulegea. Fundi mwanafunzi analijua hilo. Nilijiambia nitaibadilisha kabla hujaondoka, kisha ukaja yule mwenye kofia ya majani na mambo yakaenda mbio.

Nia yangu ilikuwa kukwambia mezani. Nilikuwa nimevaa aproni, nimebeba sahani yako, mwandishi ameinama na kalamu yake. Akakuuliza nani alikufundisha ule mpira wa polepole. Ukasema, “Mungu na mkono wangu.” Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lako. Nani alikupeleka nyuma ya ghala la magunia akakupa chungwa ulikumbatie kiganjani na vidole vyote vitano, ulirushe bila kulipasua? Machungwa mangapi yale, Valdo? Mimi nilikoma kuhesabu kwenye mia mbili. Nikaiweka sahani. Na yale maneno niliyokuja nayo nikayameza, nikaenda jikoni kuosha vyombo.

Nikakaa nayo mwaka mzima. Nilijiambia, huyo si ana Mungu na mkono wake, watamwambia.

Mwaka huu, Sikukuu ya Wafalme, nilichoka kuvaa aproni. Asubuhi ile niliwakusanya wapigaji wetu tisa nyuma ya mizani ya miwa nikawaambia waitazame glavu. Ikifumba, piga, ikifunguka, mwache mpira upite. Hilo tu. Tukakupiga vipigo kumi na kimoja katika zamu nne. Uliteremka kwenye kile kichuguu unacheka, ukasema upepo wa leo umenunuliwa na Waliobaki. Kisha ukavaa aproni. Ukaja mezani na sinia, ukawapita watu wote, ukanichagulia mimi ngozi ya mgongo, ile iliyokauka inayolia mdomoni, kwa sababu unajua naipenda. Nikaila. Sikukutazama usoni, lakini niliila yote. Nereo alikuwa amekaa kulia kwangu anajilamba vidole, na wala haikunipitia akilini kwamba miezi mitano baadaye atapanda ndege na lile neno mfukoni.

Siku ile nilidhani nimeshinda mchezo mmoja wa sikukuu.

Ningeweza kukupigia simu. Nilienda mjini mara mbili, nikapanga foleni kwenye ofisi ya simu, watu kumi na wanne mara ya kwanza, tisa mara ya pili, na mara zote mbili nilipofika dirishani nikamwambia yule binti nimesahau namba. Namba ninayo kichwani. Basi nikarudi kukaa na karatasi, ambayo haina sauti ya kukatika.

Sasa fungua kile kitu. Ni kamba ya ng'ombe, ya mgongoni, nimeikata mwenyewe na kuipaka nta mara tatu. Sikuituma glavu mpya kwa sababu najua utaitia soksi. Itoe ile ya mbuzi yote, usibakize hata kipande. Anza na tundu la chini karibu na kifundo cha mkono, pita ndani kwenda nje, panda mpaka ncha ya kidole kidogo, matundu tisa, kisha rudi kwa njia ile ile. Kila tundu vuta mpaka ngozi ikunje uso kama mtu aliyelamba ndimu. Mwisho funga mafundo mawili na uzichome ncha kwa kiberiti. Usimpe mtu mwingine akufanyie. Kisha simama mbele ya kioo, shika mpira wa kasi, shika mpira wa polepole, na uitazame glavu, si mkono. Ikisogea hata upana wa ukucha, fungua, anza upya.

Ukishamaliza, nenda kawarushie Isaías na wenzake. Watausubiri ule upepeo ufunguke, na hautafunguka. Nereo mrushie wa polepole mara tatu mfululizo, na umwambie ni salamu kutoka kijijini. Halafu nenda kwa daktari wako umweleze kwamba kiwiko kina afya, aliyekuwa na ugonjwa ni kaka yako.

Mama nimemwambia jana. Nilimwambia yote, na ile aproni, na ile ngozi ya mgongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama barua nimeshaiandika, nikasema bado, akaniambia basi nimekaa hapo nafanya nini. Kuhusu nadhiri amesema Bikira hadanganywi: nadhiri iliwekwa, itatembewa, ila atakayetembea ni mimi. Kilomita mia moja na kitu. Naondoka kesho kutwa, na nimeshavitia viatu soli mpya.

Wote wanakusalimu. Doña Casilda anauliza kama kwenu kuna mishumaa mizuri. Mzee Ulpiano anasema ukirudi usirudi mnene kama Cirilo. Chago anakusalimu kwa heshima zote na anaomba, kama si taabu, umfundishe chochote. Mama anakuombea usingizi mwema, na amesema nikuandikie neno kwa neno: ule, na usinyoe nywele kwa kinyozi usiyemjua.

Msamaha siuombi kwa barua. Sikukuu ya Wafalme ukija, nitavaa aproni kabla mchezo haujaanza, tushinde tusishinde. Na lile swali langu la tatu, Valdo, usilijibu kupitia kwa Isaías. Niandikie mwenyewe.

Mimi ni kaka yako,
Anselmo Chalas
mdakaji, Santa Rufina